Hasi Moja Tuliyoitupa Mlimani

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha nne juzijuzi, mkaitwa na mkuu wa shule ya kata mkaambiwa, "Hebu njoo utusaidie kushika chaki wakati tunasubiri walimu," nawaandikia ninyi. Mimi ni mstaafu. Chekeni tu, hata mama yangu hucheka. Nina miaka thelathini na tatu na hakuna aliyeniaga kwa keki wala kitenge. Lakini nilifundisha hesabu miaka tisa huku juu Uluguru, na siku mwalimu mwenye cheti alipopanda na begi lake nilimkabidhi rula ya ubao, kamba ya katani na kopo la chaki, nikashuka zangu kwenye vitalu vya stroberi. Kama huko si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini.

Niseme mapema: hesabu kwenye cheti changu ni D. Sikuificha wakati ule, na sasa ndio kabisa. Siku ya kwanza Mwalimu Mhina, aliyekuwa mkuu wa hesabu na mwalimu pekee wa hesabu, alinitazama kwa juu ya miwani. Yeye Mzigua, mimi Mluguru, watani wa tangu mababu, kwa hiyo hapakuwa na kubembelezana.

"Mluguru, kwadratiki unaijua?"

"Shikamoo, Sir. Naijua kidogo."

"Marahaba. Kidogo kiasi gani?"

"Kama chumvi kwenye mboga."

"Basi angalau mboga italika. Sisi Wazigua tumezoea kula mnachopika hata kikiungua. Chukua kidato cha kwanza mpaka cha tatu. Cha nne niachie mwenyewe, wale wana mtihani wa taifa na mimi nina presha."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Barua haikuwepo, ila chaki ilikuwepo.

Nianze na mambo ya mikono, kwa sababu hakuna atakayewafundisha chuoni. Ubao wetu ulikuwa umepasuka katikati, na rula ikifika kwenye ufa inaruka. Kwa hiyo mistari ya grafu tulikuwa tunaipiga kwa kamba. Unaipaka kamba ya katani unga wa chaki, mwanafunzi mmoja anashika huku, mwingine kule, wewe unaivuta katikati na kuiachia. Paa! Mstari umenyooka kuliko wa kiwandani. Chaki ikibaki kijiti kama jino la mtoto, usiitupe, itwange, ndio unga wenyewe wa kamba. Na ukiandika namba hasi, alama yake iandike ndefu, ndefu kabisa, maana mtoto wa dawati la nyuma huiona kama doa la ubao.

Siku hizi mna simu. Unaandika mlinganyo, grafu inajichora kabla hujapangusa jasho. Sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe usiku wa uzee wangu huu wa miaka thelathini na tatu huwa nazichezea, nazipenda zile pinde zinavyopanda na kushuka. Ila simu haikuambii kwa nini.

Sasa tuingie kwenyewe, kwenye intasepti, maana hapo ndipo nilipoangukia.

Grafu ya kwadratiki ni upinde. Mistari ya kupimia ni miwili: uliolala ni wa eksi, uliosimama ni wa wai. Kutafuta intasepti ni kuuliza swali moja tu: upinde huu unaikata wapi mistari hii miwili? Ule uliosimama ni rahisi kama kumenya ndizi mbivu. Weka eksi sifuri, kila chenye eksi kinakufa, anabaki yule wa mwisho peke yake. Kwenye y = –x² + 2x + 3, anabaki tatu. Kwisha. Uliolala ndio unataka subira. Unaweka wai sifuri, unageuza alama zote ili ile x² isiwe na hasi, unapata x² – 2x – 3 = 0. Kisha unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha zinaleta hasi tatu na ukizijumlisha zinaleta hasi mbili. Ni hasi tatu na moja. Unaziweka kwenye mabano: (x – 3)(x + 1) = 0. Mabano ya kwanza yakiwa sifuri, eksi ni tatu. Ya pili yakiwa sifuri, eksi ni hasi moja. Halafu rudisha kila jibu kwenye mlinganyo uone kama wai kweli inakuwa sifuri. Mwanafunzi anayejirudia mwenyewe hahitaji mwalimu wa kumrudia.

Mnaona? Majibu mawili. Tatu, na hasi moja. Shikeni hapo.

Shida yangu ya kwanza haikuwa hesabu, ilikuwa ardhi. Niliwaambia kidato cha tatu, "Mstari wa eksi mfikirie kama ardhi tambarare." Darasa likaniangalia tu. Wamezaliwa kwenye mteremko, wamelima kwenye mteremko, mpira wa miguu wanaucheza na mtu mmoja amewekwa bondeni kazi yake kuurudisha.

"Madam," akauliza Salumu, mrefu wa dawati la nyuma, "tambarare ndiyo wapi?"

"Kama kule mjini, Kihonda."

"Sijawahi kufika."

"Kama Ngerengere basi, kwenye reli."

"Madam, sasa hiyo eksi mpaka tupande gari?"

Nikacheka mpaka nikakaa. Lakini usingizi haukunijia vizuri, na kesho yake nikapata wazo. Nyie mtakuwa na mawazo mengi mazuri. Hili langu liwe onyo. Nyuma ya darasa tulikuwa na kiwanja kidogo kilichochongwa mlimani, tambarare kama meza. Juu ya ule ukingo uliochongwa lilipita bomba la maji kutoka kwenye chemchemi, na pale wanafunzi wanapochotea tulifunga mpira wa maji, ule ule wanaomwagilia karoti majumbani. Nikaulaza mdomo wa mpira ukingoni, nikauinua kidogo, maji yakaruka. Yakapanda, yakajipinda, yakaanguka kiwanjani.

"Huo hapo upinde!" nikapiga kelele. "Pale mpira ulipo ndipo wai inapokatwa. Pale maji yanapoanguka ndipo eksi inapokatwa."

Kelele za darasa zile! Walivua viatu, wakapima kwa kamba, wakalowa. Watoto ambao kwao kila siku ni kuhamisha mpira kutoka tuta hili kwenda lile waligundua kwamba wameishika kwadratiki mkononi tangu wadogo. Hata Mwalimu Mhina alitoka na kikombe cha chai kuangalia. "Mluguru amepata akili," akasema, "jua leo litachwea kusini, upande wa Kisaki."

Tukarudi darasani na mlinganyo ule ule niliowaonyesha. Tukapata tatu, na hasi moja. Ndipo Zamda akanyoosha kidole. Zamda alikuwa msichana mwembamba, mkimya, anatembea karibu saa mbili kuja shule na saa mbili kurudi.

"Madam, tatu ni pale maji yalipoanguka. Hasi moja je?"

Sikujua. Wadogo zangu, sikujua, na nilikuwa nimelowa na nina furaha na sikutaka furaha iishe. Nikawauliza darasa, "Nyuma ya mpira kuna nini?"

"Mlimaaa!"

"Maji yanaweza kuanguka ndani ya mlima?"

"Hapanaaa!"

"Basi hasi moja tupa. Futa."

Wakafuta. Zamda aliitazama kidogo, kisha naye akafuta. Kuanzia siku hiyo, mwezi mzima, kila tulipotafuta intasepti za eksi, jibu la hasi tulilitupa mlimani, na nikawawekea vema.

Mtihani wa pamoja wa shule za kata ulikuja. Hapo lazima niwaambie habari za Zamda, maana kwake ule haukuwa mtihani wa kawaida. Mama yake alikuwa anaumwa mgongo, halimi tena, na kwetu neno la mwisho juu ya mtoto huwa la mjomba. Mjomba wake, Mzee Kibwana, alikuwa ameshasema mbele ya nyumba nzima: "Akifaulu hesabu, aendelee. Akifeli, arudi nyumbani, matuta ya karoti yanamsubiri." Zamda aliniambia mwenyewe tukiwa tunateremka njiani, bila kulia, kama mtu anayekutajia siku ya gulio.

"Utafaulu," nikamwambia. "Kwadratiki peke yake itakubeba."

Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, zikarudi zimejaa wino mwekundu, alama zimeshapelekwa zinakopelekwa. Mwalimu Mhina akaniita ofisini. Alikuwa amezipanga mezani kama karata.

"Mtani, njoo uone muujiza. Wanafunzi arobaini na mmoja, wote wamekosa sehemu moja. Hata wakiibiana majibu hawawezi kufanana hivi." Akainua moja. "Hapa mlinganyo una jibu chanya moja na hasi moja. Wote wameandika chanya tu. Na hapa majibu yote mawili ni hasi. Soma alichoandika huyu."

Ilikuwa karatasi ya Salumu. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: *Maji hayakutoka.*

Nikaitafuta karatasi ya Zamda. Ishirini na saba. Kufaulu ni thelathini. Nikajumlisha alama alizopoteza kwenye yale majibu ya hasi: sita. Nikajumlisha tena, nikitumaini nimekosea. Sita.

"Ubao haujiandiki wenyewe," Mwalimu Mhina akasema taratibu, na safari hii hapakuwa na utani. "Grafu haijui mlima, Mwanaidi. Grafu inaenda pande zote mbili. Mfano wako ulikuwa mzuri, ila mfano ni punda, unampanda mpaka mtoni, halafu unashuka unaogelea mwenyewe."

"Alama zinaweza kurekebishwa?"

"Za nini? Majibu yao ni makosa. Aliyewasahihisha hakukosea."

Jumatatu ile Zamda hakuja. Jumanne hakuja. Na hakuna aliyejua kwa nini wameanguka isipokuwa mimi na Mwalimu Mhina. Wazazi walisema watoto ni wavivu. Watoto wenyewe walisema hesabu ni ngumu. Ningeweza kunyamaza na ingepita. Nawaambia hili kwa sababu na ninyi siku moja mtaweza kunyamaza.

Jumamosi nikapanda kwao. Nilimkuta Mzee Kibwana uani, uwanja mpana wa kuanikia maharage, tambarare, nao nikautazama kwa wivu wa mwalimu. Katikati alikuwa amesimamisha mti wenye panda, amefunga mdomo wa mpira kwenye ile panda, maji yanaruka kuangukia kwenye matuta ya miche. Zamda alikuwa pembeni na jembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumfuata? Umechelewa. Nilisema neno langu."

"Nimekuja kusema kosa ni langu. Zamda alijibu nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya."

Zamda aliacha kulima. Mzee Kibwana akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akanionyesha na mimi nikae. "Eleza."

Nikaeleza. Nikachora upinde chini kwa kijiti, nikaeleza tatu, nikaeleza hasi moja, nikaeleza habari ya mlima. Alisikiliza vizuri kweli. Kisha akanyoosha kidole kwenye mti wake.

"Maji yale yanaanguka mbele?"

"Ndiyo."

"Nyuma yanaanguka?"

"Hapana."

"Sasa mtoto kakosea nini? Amesema la kweli, mkamnyima alama. Na wewe umesema la kweli, unakuja kuomba radhi. Hii shule yenu mnafundisha uongo?"

Nikautazama ule upinde niliouchora chini. Hata wakati ule, wadogo zangu, niliijua kanuni lakini ile hasi moja yenyewe sikuwa naijua. Nilikuwa nimepanda mlima mzima kuomba radhi kwa kitu nisichokielewa.

"Mjomba," Zamda akasema, "naomba mpira."

"Wa nini?"

"Naomba tu."

Hakusubiri. Alikwenda pale maji yanapoangukia, akaweka sufuria. Akafungua mpira kutoka kwenye panda, akauacha mti umesimama wenyewe. Akarudi hatua moja nyuma ya mti, akachuchumaa, akauweka mdomo wa mpira chini kabisa ardhini, akauelekeza juu. Maji yakampiga mjomba wake kifuani.

"We mtoto!"

"Samahani, Mjomba, bado."

Akasogeza. Maji yakanipiga mimi. Akasogeza tena, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mpira ukishushwa chini maji hupata nguvu zaidi, kila mmwagiliaji anajua, na yale maji yalipanda kwa kishindo, yakapita katikati ya panda ya mti, pale pale mdomo wa mpira ulipokuwa umefungwa, yakajipinda, yakaingia kwenye sufuria.

Sufuria ilikuwa inalia tu.

"Njia ile ile," Mzee Kibwana akasema mwishowe.

"Njia ile ile," Zamda akasema. Aliweka kidole ardhini pale alipochuchumaa. "Upinde ulikuwa unatokea hapa, Mjomba. Sisi tuliuanzia katikati, kwenye panda, ndiyo maana hatukuona. Hapa ndipo hasi moja. Nimeifikiria wiki nzima nikilima."

Nililia. Sioni aibu. Mzee Kibwana alikunja shati lake, akalikamua maji, akamwangalia mpwa wake, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu arudi shule Jumatatu. Kwa huo mgongo wa mama yake nitatafuta mtu wa kulima, si kazi ya mtoto. Ila na wewe, Mwalimu."

"Naam, mjomba."

"Hukuijua hii."

"Sikuijua."

"Basi na wewe ukakae naye dawati moja. Yule mwenye miwani awafundishe upya wote. Nikisikia umesimama mbele kabla hujaelewa, namrudisha mtoto wangu, na mpira naufuata hukohuko shuleni niwamwagie."

Nikakubali. Ningekataaje? Zamda alimaliza kidato cha nne na kupata C ya hesabu, na mpaka leo akinipigia simu hunikumbusha kwamba C ni kubwa kuliko D. Lakini ninachotaka mkibebe ni hiyo Jumatatu.

Niliingia darasani na daftari, nikakaa dawati la tatu pamoja na Zamda, magoti yamegonga ubao wa dawati. Kwanza nilisimama nikawaambia wote: majibu ya hasi tuliyoyatupa yalikuwa majibu, nilikosea mimi, hamkukosea ninyi. Kisha nikakaa. Mwalimu Mhina akapiga kamba, paa, paa, mistari miwili, akafundisha vizuri sana, kwa haraka yake ile ya mtu mwenye vidato vinne na presha. Akafika kwenye x² + 4 = 0, akasema upinde huu haukati mstari uliolala kabisa, akafuta, akaendelea.

Mwisho akauliza lile swali tunaloliuliza walimu wote tukiwa tumeshashika mlango. "Nani hajaelewa?"

Kimya. Wanafunzi arobaini na mmoja, kila mtu anaangalia daftari lake. Nilikuwa nimeliuliza swali hilo mara nyingi na kimya hicho nikakichukulia kuwa ni ndiyo.

Nikanyoosha mkono.

"Mwanaidi, unataka kutoka nje?"

"Hapana, Sir. Hapo upinde usipokata mstari kabisa, sijaelewa."

Salumu akaangua kicheko, na darasa zima likafuata, hata Zamda aliuficha uso. Sikuushusha mkono. Kicheko kikaisha. Mwalimu Mhina alinitazama kwa juu ya miwani, na nikaona macho yake yananiacha, yanaenda nyuma yangu. Nikageuka.

Salumu alikuwa amenyoosha mkono. Pembeni yake mwingine. Kisha dirishani, kisha dawati la mbele, polepole, mmoja mmoja, kama watu wanaojaribu maji ya mto kwa mguu. Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikaacha.

Mwalimu Mhina alirudi kutoka mlangoni, akaweka funguo mezani, akachukua dasta, akafuta ubao wote.

"Haya," akasema. "Tuanze mwanzo."